Nyambizi za Wakubwa na Mbuga ya Bahi

Kila redio inapotaja habari za nyambizi, hawakosi watu katika ofisi za Dodoma wa kusema kwamba hayo ni mambo ya wenye bahari. Mtu wa nyanda za kati, wasema, anayeishi penye vumbi na mibuyu, umbali wa kilomita zaidi ya mia nne kutoka pwani, hana haja ya kuumiza kichwa kwa ajili ya chombo ambacho hatakiona maishani mwake. Maneno hayo husemwa na watu waliosoma. Mkulima wa mpunga wa Bahi hayasemi, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Ni maneno ya uvivu wa fikra, na hayana budi kukanushwa, maana katika suala la nyambizi nyanda za kati zimo tangu zamani: zimo kwa historia ya Kongwa, na zimo kwa madini yaliyolala chini ya mbuga za Bahi na Manyoni.

Wako pia wajuzi wanaodai kwamba taifa huchagua nyambizi ya nyuklia au ya kawaida kwa sababu za ufundi tu, kama fundi achaguavyo bisibisi. Madai hayo yapimwe kwa ufundi wenyewe.

Nyambizi ya kawaida huenda kwa injini za dizeli na betri. Dizeli haiwaki bila hewa. Kwa hiyo chombo kikiwa chini hutegemea betri, na betri zikipungua hakina budi kupanda karibu na uso wa maji, kutoa bomba la kuvutia hewa na kuwasha injini ili kuzichaji. Kikienda pole pole chaweza kukaa chini siku chache. Kikikimbia kwa nguvu zake zote, betri humalizika kwa muda wa saa tu. Wasweden na Wajerumani wamebuni mitambo isiyohitaji hewa ya nje, nayo imerefusha muda huo hadi wiki mbili na zaidi, lakini kwa mwendo wa kunyata. Nyambizi ya nyuklia haina shida hiyo. Kinu chake huchemsha maji, mvuke ukazungusha mitambo usiku na mchana, na fueli inayowekwa siku ya kuundwa kwake, kwa zile mpya za Marekani, hutosha maisha yote ya chombo, miaka 30 na zaidi. Kinachoirudisha nyumbani ni chakula cha mabaharia kwisha.

Basi ni nani mwenye haja ya chombo cha namna hiyo? Si mwenye kulinda mlango wake. Katika bahari finyu na maji ya kina kifupi, nyambizi ndogo inayokwenda kwa betri ni nyamavu kuliko ile kubwa ambayo pampu za kinu chake hazilali. Marekani yenyewe ilikodi nyambizi ya Sweden iitwayo Gotland, kuanzia mwaka 2005 hadi 2007, ili wanamaji wake wajifunze kuisaka, kwa sababu ilikuwa vigumu mno kuisikia. Na ni nafuu ya bei kwa mbali sana. Kama suala lingekuwa ulinzi peke yake, wakubwa wangebaki na dizeli.

Hawakubaki nayo. Marekani iliacha kujiundia nyambizi za kivita za dizeli tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Uingereza iliziondoa nne za mwisho katika miaka ya 1990, zikaenda Canada. Ufaransa nayo leo ina za nyuklia tupu. Sababu ni kwamba mapigano yao hayako mlangoni mwao. Mwaka 1982 nyambizi ya nyuklia ya Uingereza, Conqueror, ilisafiri hadi kusini mwa Atlantiki ikaizamisha manowari ya Argentina, General Belgrano, na watu 323 wakafa. Machi 2011 nyambizi ya nyuklia ya Marekani, Florida, ilirusha makombora zaidi ya 90 katika ardhi ya Libya, nchi ya Kiafrika. Aina ya injini hueleza mahali mwenye chombo anapokusudia kwenda na muda anaokusudia kukaa huko bila kukaribishwa.

Biashara nayo yafuata mkondo huo huo. Wajerumani wameunda nyambizi za dizeli za aina ya 209 na kuziuza Ugiriki, Uturuki, Peru, Argentina, Indonesia, Afrika Kusini na Misri, na kwingineko, ilhali jeshi lao wenyewe halikupata kutumia hata moja. Ufaransa, isiyotaka dizeli kwa matumizi yake, huwauzia dizeli Chile, Malaysia, India na Brazil. Urusi huwauzia Algeria na Vietnam. Katika bara zima la Afrika, Misri, Algeria na Afrika Kusini zina nyambizi, na hakuna hata moja ya nyuklia. Mataifa yanayoendesha za nyuklia ni sita: wale watano wenye viti vya kudumu katika Baraza la Usalama, na India. Hata India, ilipotaka kujifunza kwa Wasovieti mwaka 1988, ilikodishiwa nyambizi moja kwa miaka mitatu kisha ikairudisha.

Itajibiwa kwamba za nyuklia haziuzwi kwa hofu ya kueneza bomu. Hoja hiyo ina ukweli, kwa kuwa uraniumu inayotumiwa katika nyambizi za Marekani na Uingereza imerutubishwa kwa kiwango cha silaha. Lakini hofu hiyo huchagua watu. Marekani ilimpa Mwingereza siri ya kinu cha nyambizi mwaka 1958, ikakataa kuitoa kwa mwingine yeyote kwa zaidi ya miaka 60, hata Septemba 2021 ilipomfungulia mlango Australia. Siku hiyo hiyo Australia ikauvunja mpango wake na Wafaransa wa nyambizi 12 za dizeli. Ufaransa ilikasirika hadi ikawaita nyumbani mabalozi wake. Gharama ya mpango mpya, kwa hesabu iliyotolewa na Waaustralia wenyewe, ni kati ya dola za Australia bilioni 268 na bilioni 368 hadi katikati ya miaka ya 2050. Pwani ya Australia haikurefuka mwaka ule. Kilichobadilika ni umbali ambao nchi hiyo imekubali kwenda na wakubwa wake.

Sasa turudi Kongwa. Hapo ndipo Waingereza walipoanza mwaka 1947 mpango wao wa karanga, uliobuniwa London kwa sababu ya uhaba wa mafuta ya kula huko kwao, ukafa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Katika Kongwa hiyo hiyo, kuanzia mwaka 1964, walipiga kambi wapigania uhuru wa FRELIMO, na wa ANC, SWAPO na MPLA. Makaburu walilijua jambo hilo. Mwaka 1967 waliagiza Ufaransa nyambizi tatu za dizeli za aina ya Daphné, nazo zilifika mwaka 1970 na 1971. Wakati huo serikali ya Heath ilikuwa ikitaka kuwauzia Makaburu zana za kivita za baharini kwa kisingizio cha kulinda njia ya meli dhidi ya Warusi, na katika mkutano wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Singapore Januari 1971 Mwalimu Nyerere alisimama kidete kupinga. (Ni katika safari ya mkutano huo huo Obote aliponyang'anywa nchi na Amin akiwa bado ugenini.) Wako waliomcheka Mwalimu kwamba anaogopa vyombo vya kulinda meli za biashara.

Mwaka 1972 mojawapo ya nyambizi hizo, Emily Hobhouse, iliwabeba makomando wa Makaburu hadi pwani ya Dar es Salaam. Wakaingia usiku, wakatega mabomu mjini, wakarudi chomboni. Habari hizo wamekuja kuzieleza wenyewe miaka mingi baadaye. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba dizeli ni silaha ya kujihami tu na nyuklia peke yake ndiyo ya uchokozi. Dizeli nayo huua. Tofauti ni kwamba ilikuja kama mwizi, kwa kunyata na kwa kuhesabu betri, ikalazimika kuondoka. Umoja wa Mataifa ulipopiga marufuku kuwauzia Makaburu silaha mwaka 1977, Ufaransa ilizuia nyambizi mbili zaidi zilizokuwa zimekwisha kuagizwa, kisha ikaiuzia Pakistani. Mnunuzi hakukosekana.

Nyambizi ya nyuklia hija kukaa, na mwenye kukaa hutafuta nyumba. Nyumba hiyo katika Bahari ya Hindi ni Diego Garcia. Mwaka 1965 Uingereza ilivikata visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, na kati ya mwaka 1968 na 1973 wenyeji wake wote wakahamishwa ili Wamarekani wapate kituo. Malipo ya Wamarekani hayakutolewa mezani mbele za watu. Walimpunguzia Mwingereza dola milioni 14 katika bei ya makombora ya Polaris, ambayo hurushwa kutoka nyambizi za nyuklia. Watu waling'olewa katika bahari yetu ili nyambizi za Atlantiki zipate makombora kwa bei nafuu! Desemba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa hoja ya Ceylon iliyoungwa mkono na Tanzania, liliitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Kura za ndiyo zilikuwa 61, hakuna aliyekataa, na 55 walijizuia. Wenye nyambizi za nyuklia wa Magharibi na Wasovieti walikuwa miongoni mwa waliojizuia, na meli zao hazikupunguza safari. Mkataba wa Mei 2025 baina ya Uingereza na Mauritius unakubali kwamba Chagos ni ya Mauritius, lakini kituo umekiwekea pango la miaka 99.

Na kinu cha nyambizi hula uraniumu. Bei ya madini hayo ilipopanda katika miaka ya 2000, kampuni za Australia, Uranex ikiwa mojawapo, zilikuja kutafiti Manyoni na Bahi, ambako uraniumu imo karibu na uso wa ardhi, katika mbuga zile zile zinazopokea maji ya mvua na kulimwa mpunga. Huko Namtumbo, mradi wa Mto Mkuju umo mikononi mwa Rosatom, shirika la serikali ya Urusi linalosimamia umeme wa nyuklia na silaha za nyuklia pia. Mtambo wake wa majaribio ulizinduliwa Julai 2025.

Hakuna anayedai kwamba udongo wa Bahi umekwisha kupangiwa kinu cha nyambizi. Linalodaiwa ni kwamba hakuna sheria ya dunia itakayozuia. Mkataba wa mwaka 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia unakataza bomu. Haukatazi kinu cha manowari. Taratibu za ukaguzi zenyewe, katika kifungu cha 14, zinaruhusu nchi isiyo na bomu kuyatoa madini ya nyuklia nje ya ukaguzi kwa shughuli ya kijeshi isiyo ya mlipuko, na wale wakubwa watano hawabanwi hata kwa kiasi hicho. Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009, unamwachia kila mwanachama aamue mwenyewe kama ataipokea bandarini meli ya kigeni yenye silaha hizo.

Australia iliyaona hayo zamani. Inapouza uraniumu yake hutia sharti kwamba isitumiwe kwa bomu wala kwa kuendeshea manowari, na hakuna mnunuzi aliyeanguka kwa mshangao. Sharti hilo ni sentensi moja. Wanaoandika mikataba ya madini ya nchi hii wanafanya kazi Dodoma, mwendo mfupi kwa gari kutoka Bahi, na wanaweza kuiandika sentensi hiyo kwa Kiswahili na kuisoma hadharani kabla gari la kwanza la uraniumu halijaondoka Manyoni.