Mti wa Mjini Hutaka Mama



Mwezi huu tungependa kuzungumza nanyi juu ya kivuli. Huenda mkasema kwamba kivuli si jambo la jikoni wala la malezi, lakini hebu tutazame pamoja.

Ni mwezi wa Februari, saa nane mchana, katika ploti ya nyumba za mabati jijini Nairobi. Mtoto mchanga amelazwa kitandani, ametoka jasho mpaka shuka limelowa. Mama yake anamchukua amtoe nje apate upepo. Lakini nje hakuna pa kukaa. Ua wote umemwagwa saruji, na kivuli kilichopo ni kile chembamba cha ukuta wa choo. Mama anaketi hapo hapo, anamnyonyesha mwanawe. Wengi wetu tumelea watoto hivyo, nasi tukadhani kwamba ndivyo mji ulivyo. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sisi wa mjini tunachuma juani, na kula pia tunakula juani.

Je, ni lazima iwe hivyo?

Mti hufanya kazi gani?

Mti mmoja uliokua vizuri hufanya kazi nyingi bila kelele. Kwanza, huzuia jua lisipige paa na ukuta wa nyumba. Pili, hunyonya maji ardhini na kuyatoa hewani kupitia majani yake, nayo hewa inayouzunguka hupoa. Ndiyo maana chini ya mti pana ubaridi kuliko chini ya bati, ingawa vyote viwili ni kivuli. Tatu, majani hunasa vumbi la barabarani kabla halijafika kwenye nguo ulizoanika na kifuani mwa mtoto.

Tena kuna mvua. Udongo wenye mizizi hunywa maji, lakini saruji na bati hazinywi. Mahali palipofunikwa pote, mvua ikinyesha maji yote hukimbilia mitaroni na mtoni kwa wakati mmoja. Mnakumbuka Aprili 2024, mito ya Nairobi ilipofurika. Huko Mathare watu walipoteza maisha, na akina mama wengi walibaki na watoto na nguo walizovaa tu. Hatusemi kwamba miti peke yake ingalizuia msiba ule. Mvua ilikuwa kubwa mno, na wengi hujenga ukingoni mwa mto kwa kukosa pengine pa kwenda. Lakini kila kipande cha udongo tunachokiacha wazi na kukipanda hupunguza maji yanayomshukia jirani aliye bondeni.

Kosa letu wenyewe

Tukiri jambo moja. Miaka michache iliyopita, sisi wanawake wa chama kimoja tulichanga fedha, tukanunua miche thelathini, tukaipanda kando ya njia iendayo kanisani. Mmoja wetu alitoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mboga za juma lile. Tuliimba, tukapiga picha, tukanywa chai, tukaenda zetu nyumbani.

Baada ya miezi mitatu ilibaki mitatu. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilivunjwa na watoto wakicheza mpira, na mingi ilikauka tu. Yule mwenzetu aliyetoa fedha za mboga alipita njia ile nasi, hakusema neno. Tuliona haya kumtazama.

Ndipo tukajiuliza kwa nini hiyo mitatu iliishi. Mmoja ulikuwa mbele ya kibanda cha mama mboga, ambaye kila jioni aliumwagia maji aliyooshea sukuma wiki. Wa pili ulikuwa mlangoni pa fundi cherehani, ambaye aliwafukuza mbuzi kwa fimbo ya kupimia. Wa tatu ulikuwa karibu na lango, na bawabu aliuzungushia miiba kwa hiari yake. Udongo ulikuwa ule ule na mvua ile ile. Miti iliyoishi ilikuwa na mtu. Ile mingine ilikuwa ya sisi sote, kwa hiyo haikuwa ya yeyote.

Waliotutangulia

Tungalikuwa tumejifunza mapema kama tungalikumbuka habari za wanawake waliotutangulia. Tarehe 5 Juni 1977 Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliandamana kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta hadi Kamukunji, wakapanda miti saba. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Vuguvugu la Green Belt. Hata miti ile saba haikuishi yote.

Lakini wao hawakukata tamaa. Waliwafundisha wanawake wa vijijini kukusanya mbegu na kuotesha miche wenyewe. Tena waliweka utaratibu mmoja wa hekima: mwanamke alilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi. Malipo hayakuwa ya kuchimba shimo, yalikuwa ya kutunza. Mama yeyote anaujua ukweli huo, kwa maana kuzaa ni siku moja na kulea ni miaka. Profesa Maathai alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, wanawake hao walikuwa wamekwisha kupanda miti zaidi ya milioni 30.

Walijifunza pia kwamba mti wa mjini huhitaji kutetewa. Mwaka 1989 ulikuwako mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, mahali ambapo familia zisizo na ua wala bustani hupumzikia siku ya Jumapili. Profesa Maathai aliandika barua za kupinga, akadhihakiwa hadharani, lakini mwishowe mpango uliachwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuja kukaa katika kona ya bustani hiyo hiyo, wakifunga na kudai wana wao waachiliwe. Walipigwa na kufukuzwa, wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani. Kama bustani ile ingaliuzwa, wangaliketi wapi kulia? Mji usio na mahali pa wote hauna hata mahali pa mama kumlilia mwanawe.

Msitu wa Karura nao ulikuwa umeanza kugawiwa watu wajenge nyumba. Mwaka 1999 watu waliokwenda kupanda miche huko walipigwa, na Profesa Maathai mwenyewe alijeruhiwa kichwani. Leo msitu huo ungalipo, na wazazi huenda na watoto wao kutembea chini ya miti.

Tuanzie wapi?

Si lazima tuanze na msitu. Tuanze mlangoni.

Kwanza, ombeni ruhusa. Zungumzeni na mwenye ploti, na kama ni kando ya barabara, ulizeni ofisi za kaunti. Mti uliopandwa juu ya bomba la maji au chini ya nyaya za umeme utakatwa tu.

Pili, chagueni mti unaofaa. Mparachichi na mpera hutoa kivuli na matunda. Msipande mkaratusi karibu na nyumba au kisima, kwa sababu hunywa maji mengi. Acheni nafasi ya kutosha kati ya shina na ukuta.

Tatu, pandeni mvua za masika zikianza, au zile za vuli. Chimbeni shimo la futi mbili, mchanganye udongo na samadi iliyooza.

Nne, pangeni maji ya kiangazi. Maji yaliyoosha mboga au kusuuza mchele yanatosha mche mmoja. Lakini msiache maji yasimame kwenye makopo, mtafuga mbu.

Tano, na hili ndilo kubwa, kila mche upewe mama yake. Andikeni jina katika daftari la chama, na mnapokutana kwa mchango wa mwezi, kila mmoja aseme mche wake u hali gani. Atakayesafiri amwachie jirani, kama amwachiavyo mtoto.

Na wewe usiye na udongo hata kidogo? Chukua gunia, jaza udongo na samadi, panga mawe katikati kama nguzo ili maji yafike chini, kisha panda sukuma wiki juu na ubavuni. Akina mama wengi wa Kibera wamelisha watoto wao hivyo.

Huenda mume akauliza, "Mti huu utatulipia kodi?" Usibishane naye. Mwambie asubiri. Siku moja atarudi kutoka kazini, akute kiti chake kiko chini ya mti na mtoto amelala juu ya mkeka, mkavu, bila jasho. Hatauliza tena.

Yule mwenzetu wa fedha za mboga alituita tena mwaka uliofuata. Safari hii tulipanda miche tisa tu, mmoja kwa kila mwanachama. Wake uko karibu na mfereji, na jina lake ndilo la kwanza katika daftari. Tulipouhesabu mwezi uliopita, yote tisa ilikuwa hai.