Huyu beki ni dhahabu au jiwe linalong'aa tu?

Masikio yananiuma wiki ya pili sasa. Kuanzia stendi mpaka Nyankumbu, kuanzia kijiwe cha bodaboda mpaka kwa mama lishe wa Kalangalala, habari ni moja tu: kuna beki. Ana miaka 17, yuko kidato cha nne, anacheza namba 5, na ukiwasikiliza wakereketwa utadhani Geita imegundua mgodi mwingine. Jina sitalitaja. Bado ni mtoto wa watu na Novemba ana mtihani.

Kilichonifanya nishike kalamu siyo hizo sifa. Ametokea jamaa mmoja mwenye gari la kukodi na simu mbili, anajiita wakala. Anataka kumpeleka kijana Dar wiki hii hii, eti timu kubwa inamsubiri na mtihani utafanywa mwaka mwingine. Mjomba wa kijana, ambaye ndiye mlezi, keshapokea laki tano ya kishika mkono. Mjomba ana karasha huko Mgusu na mota yake imeungua, kwa hiyo usimcheke haraka. Mama wa kijana yeye hakupiga kelele. Alimtuma dada mmoja wa saluni aje kuniambia: "Mwambie mwandishi akamwangalie mwanangu, aniambie ukweli."

Basi nikaenda. Mechi tatu za ndondo, dakika zote, na nilikaa nyuma ya goli badala ya pembeni kwenye kivuli. Nitakwambia kwa nini.

Mshambuliaji ni mtu rahisi kumpima. Hesabu magoli, umemaliza. Msimu wa 2021/22 Geita Gold ilipokuwa ngeni Ligi Kuu, George Mpole alifunga magoli 17, akampita Fiston Mayele wa Yanga kwa goli moja, akawa mfungaji bora wa nchi nzima. Mpaka leo hata bibi muuza dagaa anamjua Mpole. Lakini hebu nitajie haraka haraka mabeki wanne walioanza siku nyingi msimu ule, timu ikamaliza nafasi ya 4. Umekwama? Siyo kosa lako. Kazi ya beki ni mambo yasitokee, na jambo ambalo halikutokea halina picha wala shangwe.

Beki anakumbukwa siku mambo yameharibika. Mwaka 2022 hao hao Geita Gold walicheza Kombe la Shirikisho Afrika na Hilal Alsahil ya Sudan. Kule ugenini walifungwa 1-0. Nyumbani wakashinda 2-1, jumla ikawa 2-2, wakatolewa kwa lile goli moja la ugenini. Goli moja, jamani! Ukiniuliza beki ana thamani gani, nitakujibu: thamani ya goli lile moja.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Katika mechi ya kwanza uwanja ulilipuka mara sita. Mara zote sita ni pale alipojirusha chini, vumbi likatimka, mpira ukaenda nje na winga akabaki anajishika goti. Watu wakapiga kelele, "Mwambaaa!" Na mimi niliandika mara sita kwenye daftari langu, ila upande wa hasara.

Kwa nini? Beki akijitupa chini amecheza karata yake ya mwisho. Akikosa, yeye yuko chini na mwenzake anakwenda kumwona kipa. Ndondoni mawinga wengi wanakimbia na mpira vichwa chini, kwa hiyo anaupata. Akikutana na mtu mwenye akili, huyo atasubiri alale, kisha ampite kama anaruka mfereji. Beki aliyeiva anamchelewesha mshambuliaji. Anasimama kiubavu, anamsindikiza pembeni, anasubiri wenzake warudi, na mara nyingi anapokonya mpira suruali ikiwa safi. Kwa hiyo ukiona jezi ya beki imejaa vumbi kila Jumapili, uliza kwanza alikuwa amesimama wapi kabla hajalala.

Nilikaa nyuma ya goli ili nimwone wakati mpira uko mbali. Hapo ndipo penye siri. Watazamaji wote wanafuata mpira, na beki mbovu naye anaufuata kama mtazamaji, ila yeye hajalipa kiingilio. Beki mzuri anageuza shingo. Anaangalia mpira, anaangalia mgongoni kwake, anarudi kwenye mpira, anapiga kelele kwa mwenzake wa kushoto asogee. Na hapa, msomaji, nilianza kutabasamu. Kijana anageuza shingo! Mechi ya pili nilimhesabia, na karibu kila shambulizi lilipoanza alikwisha jua namba 9 yuko wapi. Mara tatu alisogea hatua mbili kabla pasi haijapigwa, na pasi ikamkuta yeye. Hakuna aliyeshangilia. Jamaa aliyekaa jirani yangu alisema, "Bahati tu hiyo." Bahati mara tatu, kaka?

Jambo la tatu ni nini kinafuata akikosea. Kila beki anakosea. Mechi ya tatu alipoteza mpira karibu na boksi lake, wakafungwa. Dakika kumi zilizofuata akawa mtu mwingine. Alibutua kila kitu, pasi ya mita tano akaigopa, akaanza kumlaumu kipa. Huyo sasa ni mtoto wa miaka 17, na siyo ajabu hata kidogo. Lakini ukimpeleka kwenye uwanja wenye watu elfu arobaini, zile dakika kumi zitakuwa msiba. Dawa yake ni mechi nyingi, tena za vijana wenzake, mahali ambapo akikosea hatukanwi na nchi nzima.

La nne ni mwili. Huyu kijana ana kifua, ana ndevu, na anawazidi wenzake kichwa kizima. Sifa nusu zinatoka hapo. Akumbuke lakini kwamba wenzake wataongezeka, yeye huenda amekwisha maliza kukua. Mwili uliotangulia ni mkopo tu. Wanaodumu ni wale ambao, hata ukiwanyima urefu, bado wanafika kwenye mpira kwanza.

Mfano tunao hapa nyumbani. Mwaka 2017 Serengeti Boys walikwenda Gabon kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Nahodha alikuwa Dickson Job, beki wa kati, mfupi kuliko mabeki wengi wa nafasi yake. Mechi ya kwanza walitoka 0-0 na Mali, hao hao waliokuja kuwa mabingwa. Je, alichukuliwa kesho yake na wakubwa? Hapana. Alibaki Mtibwa Sugar, kule Manungu, Turiani, akala mechi za ligi mwaka baada ya mwaka. Yanga walimchukua Januari 2021. Msimu wa 2021/22 Yanga ikawa bingwa bila kupoteza mechi ya ligi, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho. Kati ya Gabon na Jangwani kuna miaka mitatu na ushee ambayo hakuna kijiwe kilichokuwa kinaihesabu.

Kwa wanaopenda ya Ulaya, Franco Baresi alikwenda kujaribiwa Inter akiwa mdogo na mwembamba, wakamkataa, kaka yake wakamchukua. Milan ndio waliompokea, akaanza Ligi Kuu ya Italia mwaka 1978 akiwa na miaka 17, akastaafu hapo hapo 1997. Waliomkataa walipima kifua, na kifua hakikuwa na habari yoyote ya kuwaambia.

Na tukiwa kwenye mambo ya mwili, wajomba wa Geita sikieni: habari ya kupunguza umri muiache. Hao Serengeti Boys walipata nafasi ya kwenda Gabon baada ya Congo Brazzaville kuondolewa, kwa sababu mchezaji wao mmoja hakufika kwenye kipimo cha umri cha MRI. Cheti unaweza kukinunua kichochoroni, mfupa wa mkono hauhongeki.

Haya, na huyo wakala? Niliomba nione karatasi yake. Mkataba wa miaka mitano! Kanuni za FIFA zinasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufungwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Kanuni hizo hizo haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi kwenda nchi ila kwa sababu chache maalumu, kwa hiyo akikwambia "kutoka Dar tunaunganisha Oman", mwulize anaunganisha kwa sheria ipi. Halafu mwombe leseni yake. Tangu 2023 mawakala wanafanya mtihani wa FIFA ndipo wapewe. Nilipomwomba huyu jamaa, simu zake zote mbili ziliita kwa wakati mmoja, akaondoka kuzipokea, na chai yake nikailipia mimi.

Wala usidhani matatizo ya karatasi ni ya timu za mchangani tu. Mwaka 2024 Simba walimtangaza Lameck Lawi, beki kijana wa Coastal Union, Coastal wakasema dili limekufa, shauri likafika TFF. Klabu mbili kubwa zenye ofisi na wanasheria zilivutana hivyo. Mjomba wa Mgusu mwenye kalamu ya kuazima atafanya nini?

Hukumu yangu basi, na mama nimemwambia maneno haya haya uso kwa uso. Mwanao ni beki kweli. Ile shingo inayogeuka na zile hatua mbili za mapema hazifundishwi kirahisi, na wengi wanastaafu bila kuzipata. Ila mguu wa kushoto anautumia kushukia ngazi tu, anajirusha hovyo, na akikosea anapotea dakika kumi. Hayo yote yanarekebishika kwa miaka miwili mitatu, kwenye timu ya vijana ya klabu iliyosajiliwa, yenye kocha na rekodi. Rekodi ni muhimu, kwa sababu klabu zinazomlea mchezaji tangu ana miaka 12 zina fidia yao siku akisaini kulipwa. Afanye mtihani Novemba. Desemba uwanja utakuwa pale pale.

Mama aliniuliza swali moja tu: "Na ile laki tano?" Nikamjibu kwamba hela ya mtu inarudishwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi. Mjomba alinijia juu, akaniuliza mimi mwandishi nimeshawahi kulisha familia ya watu tisa na karasha bovu. Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilimuuliza tu: Mjomba, jiwe likiletwa kwako linang'aa, unalinunua hapo hapo? Akasema hapana, mpaka lisagwe na lioshwe kwenye karai tuone. Nikamwambia mpwa wako naye bado hajasagwa.

Alinyamaza. Mpaka naandika haya, hela hajairudisha, ila karatasi pia hajasaini. Mama yake kijana ndiye anailala chini ya godoro.

Na wewe msomaji unayekwenda uwanjani Jumapili hii, nina ombi. Namba 5 akijirusha chini, kaa kimya. Akisogea hatua mbili na pasi ikamkuta amesimama, piga makofi mpaka mikono iwake moto. Yule kijana anasikiliza, na anajifunza kile tunachokishangilia.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.