UCHAMBUZI: Mashine pekee haitamwondolea mzee wa Nambale mpira wa mkojo

Mzee wa Nambale akishindwa kabisa kukojoa usiku wa manane, msaada wa kwanza haumtupi mbali. Muuguzi au afisa wa kliniki humwingizia mpira kwenye njia ya mkojo, kibofu kikatoa kilichokifura na maumivu yakatulia. Taabu huanza asubuhi yake, anapoelezwa kwamba mpira huo utabaki mwilini hadi afanyiwe upasuaji, na kwamba upasuaji wenyewe huenda ukamlazimu kufika Kisumu au Eldoret.

Chanzo kikuu cha masaibu hayo ni tezi dume, ambayo wengi nchini huiita tezi-kibofu. Tezi hiyo hukaa chini ya kibofu na kuzunguka mrija wa mkojo. Umri unaposonga, hukua na kuubana mrija. Takriban nusu ya wanaume waliofika umri wa miaka 60 huwa na ukuaji huo, ingawa si wote wanaopata matatizo. Ukuaji huo wenyewe si saratani, japo daktari hana budi kuhakikisha kuwa saratani haipo, kwa kuwa ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanaume wa Kenya.

Wagonjwa wengi huanza kwa vidonge vinavyolegeza misuli ya njia ya mkojo au kupunguza ukubwa wa tezi. Upasuaji hufuata pale dawa zinaposhindwa, mkojo unapoziba mara kwa mara, au figo zinapoanza kudhurika.

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kupasua tumbo chini ya kitovu na kuitoa sehemu ya tezi iliyokua. Ya pili haiachi kovu: daktari hupitisha darubini nyembamba katika njia ya mkojo, akaichonga tezi kipande kwa kipande kwa kitanzi cha waya chenye umeme. Mgonjwa hudungwa ganzi ya uti wa mgongo, hupoteza damu kidogo zaidi, na mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache. Tezi kubwa mno bado huweza kuhitaji kisu.

Njia hii ya pili si uvumbuzi wa jana. Maximilian Nitze, daktari wa Ujerumani, alionyesha darubini ya kibofu mnamo 1877. Kifaa cha kuchonga tezi kilibuniwa na Maximilian Stern nchini Marekani mnamo 1926, na Joseph McCarthy akakiboresha miaka michache baadaye. Swali, basi, ni kwa nini tiba yenye umri wa takriban karne moja iwe adimu kwa mkulima wa magharibi mwa Kenya.

Jibu jepesi ni kwamba vifaa ni ghali. Lakini Kenya ilikwisha kupata funzo kuhusu jibu hilo. Mnamo 2015, serikali kuu ilianzisha mradi wa kukodisha vifaa vya matibabu, uliokadiriwa kugharimu Sh38 bilioni, ili kila mojawapo ya kaunti 47 ipate vifaa katika hospitali mbili. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mradi huo iligundua mnamo 2020 kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bure, sababu mojawapo ikiwa uhaba wa wataalamu wa kuvitumia.

Upasuaji wa darubini ungekumbwa na yayo hayo kwa wepesi zaidi. Wakati wa kuchonga, maji maalumu hupitishwa kibofuni bila kukoma ili daktari aone vizuri. Maji yasiyo na chumvi yakiingia kwa wingi katika mishipa ya damu, kiwango cha sodiamu hushuka na mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, kupata kifafa, hata kufa. Vifaa vya kisasa vinavyotumia maji ya chumvi vimepunguza hatari hiyo. Hata hivyo, bado panahitajika daktari aliyezoea kazi, mtaalamu wa ganzi aliye macho, muuguzi anayejua kutakasa lenzi bila kuziharibu, na fundi wa kuzitengeneza. Akikosekana mmoja wao, darubini hubaki kabatini.

Faida, kwa upande mwingine, haiishii kwenye tezi. Darubini hiyo ndiyo humwezesha daktari kuona uvimbe ndani ya kibofu na kuuondoa. Mtu anayekojoa damu bila maumivu asiridhike kuambiwa ni kichocho: aina ya kichocho inayoshambulia kibofu imeenea zaidi Pwani, ilhali ile ya kandokando ya Ziwa Victoria hushambulia hasa matumbo. Darubini pia huweza kufungua kovu fupi lililoziba mrija wa mkojo. Makovu hayo hutokana na kisonono kisichotibiwa, ajali zinazovunja nyonga, au mpira ulioingizwa vibaya. Mengi hurudi, na yaliyo marefu huhitaji upasuaji wa wazi.

Kuchelewa kuna gharama. Mpira ukikaa mwezi mmoja, karibu kila mgonjwa huwa na bakteria kibofuni. Lazima ubadilishwe kila baada ya wiki kadhaa, na kila safari ni nauli na siku ya shamba iliyopotea. Bima ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hulipia upasuaji kwa viwango vilivyowekwa. Nauli ya mzee na ya mwanawe anayemsindikiza haimo.

Kwa kuwa huduma za hospitali za kaunti zimo mikononi mwa serikali za kaunti tangu 2013, uamuzi hauhitaji kusubiri Nairobi. Si lazima kila hospitali ndogo iwe na darubini. Kituo kimoja mjini Busia, chenye siku maalumu ambapo daktari bingwa huwasili kutoka hospitali kubwa ya rufaa na kuwafunza wenyeji akifanya kazi, kingewafaa wakazi wa Nambale na Malaba, na hata majirani wa Busia ya Uganda. Kwanza watengwe watu wa kufunzwa, kisha vinunuliwe vifaa.

Sehemu iliyobaki ni ya wanaume wenyewe. Wengi huona haya kusema kwamba mkojo unadondoka au unawaamsha mara nne usiku, wakaja hospitalini njia ikiwa imeziba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini serikali inayowahimiza wazee wajitokeze mapema ina wajibu wa kuhakikisha kwamba wakijitokeza, hawatapewa mpira na barua ya rufaa pekee.