Mizimu ya Hyrax Hill
Mwaka 2017, kundi la The Nest Collective la Nairobi lilitoa Let This Be a Warning, filamu ya uhalisia pepe inayotazamwa kwa miwani maalumu. Kazi nzuri, ila kila mtazamaji hujifungia peke yake, na tamthilia bila kicheko cha jirani ni chai isiyo na majani. Heri hila ya kioo aliyoivumisha John Henry Pepper jijini London, 1862: mzimu ukatokea kando ya mwigizaji hai. Ndiyo iliyomrudisha rapa marehemu Tupac jukwaani kwenye tamasha la Coachella, 2012. Hila hiyo ingefaa Kenya pia: Nakuru, jiji tangu 2021, lina ukumbi wa maigizo wa Nakuru Players na kilima cha Hyrax Hill, alichoanza kukichimba mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937. Wahenga wa pale wapandishwe jukwaani kwa kioo, miwani itasubiri.