Mama, namba ni haki yako (sehemu ya 4)

Mama zangu wa Ifakara, Mei 2020 serikali ilitutajia wagonjwa 509 wa korona na vifo 21. Baada ya hapo, kimya cha zaidi ya mwaka. Mjamzito wa Mlimba alipanda gari kuja kliniki kwa kubahatisha tu.

Wapo wanaosema eti namba zinaleta hofu. Jamani, kipimajoto ndo kinaleta homa? Nikikuficha joto la mwanao wodini, utanielewa kweli?

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kukujibu. Kipindupindu hakisubiri siku 30! Mvua zikianza bondeni kwetu, nenda ofisi ya kata uulize: wagonjwa wangapi? Maji yamepimwa lini? Uliza kwa barua, nakala ubaki nayo.