Faharasa ya Juni

KUTOKA CHUMBA CHA SEVA
Na Bakari Shemdoe

Mwaka wangu wa pili kazini nilifuta faharasa moja kwenye kanzidata ya wahasibu. Sababu nilikuwa nayo: takwimu zilionyesha haijaguswa tangu seva iwashwe upya miezi minne nyuma, inakula diski bure, na kila muamala unaoingia unaandikwa kwenye jedwali na kwenye faharasa pia. Nikaifuta, nikaenda kunywa chai na chapati huku najisifu moyoni. Hiyo ilikuwa Februari. Tarehe 30 Juni, siku ya kufunga mwaka wa fedha, ripoti iliyozoea kumalizika kwa dakika sita ilikesha. Mama mmoja wa uhasibu, ambaye mumewe alikuwa nje anamsubiri garini, aliniambia kwa upole uliouma kuliko matusi: "Mwanangu, kabla hujatupa kitu cha mwenye nyumba, bisha hodi."

Nimemkumbuka wiki hii kwa sababu kijana niliyemfundisha kazi amenipigia simu. "Shikamoo kaka," akaanza, na kwa sauti ile nikajua kuna jambo. Mkataba wake hautaongezwa. Mwajiri amehamisha kanzidata kwenye wingu, na muuzaji amemhakikishia kwamba hii mpya inajiendesha yenyewe. DBA, msimamizi wa kanzidata, wa nini tena?

Swali hilo tusilicheke. Oktoba 2017, mjini San Francisco, Larry Ellison wa Oracle alipanda jukwaani kutangaza kanzidata ambayo ingejityuni na kujiziba mianya ya usalama bila mkono wa mtu. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wakiwamo Dana Van Aken na Andy Pavlo, walichapisha kazi yao ya OtterTune, programu inayojifunza kutokana na kanzidata zilizotyuniwa nyuma ili kuchagua mipangilio ya kanzidata mpya. (Kampuni iliyozaliwa humo ilifunga milango mwaka 2024. Kumbe hata wanaokuja kuchukua kazi za watu hupoteza zao.)

Walikuwa na hoja. Kanzidata ya PostgreSQL ina mipangilio zaidi ya 300, na kiwandani imewekewa kumbukumbu ya pamoja ya MB 128 tu, hata ukiisimika kwenye seva ya GB 64. Kila zoezi la kupanga data limetengewa MB 4. Ongeza hiyo iwe 200 uone maulizo yanavyokimbia. Kisha subiri watumiaji mia waingie kwa pamoja, kila mmoja na mazoezi yake mawili matatu, seva ianguke chali. Tulikesha tukikaza hapa na kulegeza pale. Mashine inaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi, na haiombi posho ya usiku. Iichukue. Sina chozi la kuililia.

Linalonikera ni mwajiri anayedhani kazi yote ilikuwa ni hiyo skrubu.

Tazama Azure SQL ya Microsoft. Ukiiruhusu, inaunda faharasa yenyewe, inapima, na ikiona mambo yameharibika inarudisha yalivyokuwa. Ni adabu ambayo mimi Februari ile sikuwa nayo. Lakini ina kipengele kingine, cha kufuta faharasa ambazo hazijatumika kwa siku 90. Siku 90! Faharasa ya yule mama hulala siku mia tatu na ushee, ikaamka usiku mmoja kufanya kazi ya mwaka mzima. Mashine itaifuta kisha ipime, ila Februari hakuna cha kupima. Ajabu ni kwamba waliokitengeneza kipengele hicho wenyewe hukiacha kimezimwa mpaka mteja akiwashe. Na mteja atakayekiwasha ni yuleyule aliyeambiwa hahitaji DBA.

Zamani ulizo bovu lilijiumbua lenyewe: skrini inaganda, keshia anapiga kelele, unashuka kuangalia. Sasa wingu linaongeza nguvu kimyakimya, hakuna anayelalamika, na ubovu unakuja mwisho wa mwezi kama ankara ya dola. Anayeipokea ni mhasibu, na yeye hana namna ya kujua kwamba nusu ya deni hilo imetokana na mstari mmoja ulioandikwa vibaya.

Halafu kuna yaliyoikuta kampuni ya GitLab. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 fundi wao, aliyekuwa akihangaika na seva ya akiba iliyobaki nyuma, alifuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva hiyo ya akiba. Alikuwa kwenye ile kuu. Alipoisimamisha amri hiyo, kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia nakala rudufu. Ile ya kila siku ilikuwa ikishindwa siku nyingi, kwa kuwa chombo cha kunakili kilikuwa toleo la 9.2 na kanzidata ni 9.6. Barua pepe za kuonya zilitumwa, mfumo wa barua ukazikataa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi mmoja aliichukua kwa mkono wake saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ikapotea. Unakili ule ulikuwa wa kujiendesha. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuichukua nakala ya jana na kujaribu kama inarudi.

Mtu huyo anapatikana wapi? Mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge aliandika kuhusu kinaya cha mitambo inayojiendesha: inamnyang'anya mtu kazi nyepesi za kila siku, inamwachia usiku wa balaa, na kwa kuwa hafanyi zile nyepesi, balaa linamkuta hana mazoezi. Mimi niliijua kanzidata yetu kwa kuikosea. Kijana wangu aliijua kwa faharasa ndogondogo nilizomtuma kuzichunguza. Anayekuja nyuma yake atajifunzia wapi? Na data ikivuja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtafuta mkusanyaji na mchakataji, watu na taasisi zenye majina. Programu ya kutyuni haiwezi kuitwa kujieleza.

Kijana nilimshauri aache kubishana kuhusu mashine. Amwombe bosi jambo moja tu kabla hajaondoka: warudishe nakala ya jana kwenye seva ya pembeni, wote wawili wakiwa na saa mkononi.

Alhamisi akanipigia tena. Nakala ilirudi yote, haikupungua hata mstari. Ila ilichukua saa tisa na nusu, na kwenye mkataba bosi amewaahidi wateja nusu saa. Sasa pale ofisini kuna mikataba miwili mezani, wa wateja na wa kijana, na bado hajaambiwa ni upi utakaoandikwa upya.