Kabla Hujamkatalia, Nenda Ukaone

Mwezi huu tuzungumzie nyumba. Si ya tofali, ni ya nyuki. Maana mzinga mmoja tu ulitaka kutununisha mimi na baba watoto wiki nzima!

Hapa Katesh, chini ya Mlima Hanang, maua yakiwa mengi unaweza kukuta kundi la nyuki limening'inia kwenye tawi kama kikapu cheusi. Hao wanahama. Chakula kikiwa tele na nyumba ikijaa, malkia mzee huondoka na nyuki wengi, nyumba ya zamani anaachiwa binti. Wakiwa pale tawini bado hawana pa kulala, ndiyo maana mtu mwenye mzinga mtupu hutamani waje kwake.

Jirani zetu Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wao humfuata ndege anayewaongoza hadi kwenye mti wenye asali. Sisi wa mzinga wa shambani tunataka nyuki watufuate. Hakuna papara: tafuta mzinga mkavu usionuka rangi, paka nta kwenye viunzi, utundike kwa waya kivulini, waya upake grisi siafu wasipande. Halafu ngoja.

Ugomvi wetu ulikuwa wapi pa kuutundika. Mwenzangu alitaka nyuma ya jiko, karibu na maji. Mimi nilitaka mwisho wa shamba, mbali na watoto. "Wewe mwoga tu." "Na wewe hushindi na watoto nyumbani." Si unajua ugomvi wa namna hii? Unaanza kwenye mzinga, unaishia kwa mawifi!

Sasa sikia nyuki wenyewe wanavyochagua nyumba. Mwaka 1949, mjini Munich, Ujerumani, mtafiti Martin Lindauer aliona nyuki wakicheza juu ya kundi lililoning'inia, wengine wamechafuka masizi, wengine vumbi la matofali. Akagundua kwamba hawakutoka kwenye maua. Walikuwa wapelelezi waliotoka kukagua mashimo, na kwa kucheza walikuwa wanawaeleza wenzao upande na umbali. Mpelelezi aliyeona pazuri hucheza kwa muda mrefu, aliyeona pa kawaida huacha mapema.

Kilichonigusa mimi ni hiki: nyuki anayetazama ngoma ya mwenzake haikubali hivi hivi, wala haipuuzi. Anaruka, anakwenda pale pale alipoelekezwa, anaingia ndani, anapima mwenyewe. Akiridhika ndipo naye anacheza. Mmarekani Thomas Seeley, aliyeendeleza utafiti huo, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 2010, Honeybee Democracy.

Basi nikamwambia baba watoto, twende wote. Tulisimama nyuma ya jiko, akaniambia anachokiona: maji yapo, na mwizi wa asali hasogei. Nikamwonyesha kamba ya nguo na mahali watoto wanapochezea. Tukaenda mwisho wa shamba, akanionyesha njia ya ng'ombe, nami nikamwonyesha kivuli. Giza linaingia, tukakubaliana mgunga wa kando, mbali na njia, na ndoo ya maji tutaipeleka sisi. Wiki kadhaa baadaye, nyuki nao wakaukagua, wakahamia.

Ila jamani, tahadhari. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali, na wakichokozwa wanatoka wengi kwa pamoja. Mzinga usiwe karibu na nyumba, njia, wala mifugo iliyofungwa. Kundi lililo tawini usilitikise bila mavazi ya kinga, bomba la moshi na mtu mzoefu pembeni. Mwenye mzio wa nyuki akae mbali kabisa. Na ukiwapata usijidai umewafunga: mlango uko wazi siku zote, wakisumbuliwa au wakikosa chakula wanahama.

Kwenye ndoa ni vivyo hivyo, mpenzi. Mwenzako akikuletea wazo, iwe kiwanja, kazi ya mkoani au kumchukua mama yake mzazi, usiseme "haiwezekani" ukiwa umekaa kwenye kochi. Nenda mpaka alipofika yeye, uone alichokiona. Ukirudi na hapana yako, itakuwa hapana ya mtu aliyefika, na hiyo hata mwenzako ataiheshimu.